Kahawa ya Maganda Si Masalia

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya wakulima wa vyama vya msingi, wakaangaji na vijana wa migahawa ya kahawa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada mnaofanya kazi migahawani na kwenye vyumba vya kukaangia, habari za asubuhi. Aika kwa kushuka mjini siku ya kazi, tena msimu wa kuchuma ukiwa umeshaanza.

Nimeombwa niseme juu ya kahawa inayokaushwa na tunda lake zima, ile ambayo sisi tumezoea kuiita kahawa ya maganda. Najua jina hilo likitajwa mbele ya watu wa Kibosho au Uru, nyuso hubadilika. Kwetu maganda ni yale yaliyobaki: matunda yaliyoelea kwenye ndoo, yaliyookotwa chini ya mbuni, yaliyokaukia mtini, na yale ya kukwangua mwisho wa msimu ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyamenya. Yalimwagwa uani juu ya gunia, kuku wakapita juu yake, mvua ikayakuta na jua likayakuta, kisha yakauzwa kwa bei ya kutupa. Ukipika kahawa ya namna hiyo unapata harufu ya udongo na siki, na una kila haki ya kuikataa.

Kilichoharibu kahawa ile ni matunda mabovu na malezi mabovu. Njia yenyewe haina kosa. Chukua tunda lako bora kabisa, lile unalolipeleka kwenye mashine ya kumenya kwa fahari, ulikaushe zima kwa uangalifu uleule unaoipa kahawa ya kuoshwa, nawe utapata kikombe ambacho mlima huu haujazoea kukitoa. Nimekuja kuwaomba mlijaribu jambo hilo, na muonje wenyewe kabla mnunuzi wa ng'ambo hajaonja kwa niaba yenu.

Kwenye meza za nyuma kuna kahawa mbili. Zimetoka shamba moja, miti ileile, zikachumwa wiki moja. Ya kwanza ilimenywa siku ileile, ikachachushwa kwenye tangi, ikaoshwa, ikaanikwa. Ya pili ilianikwa ikiwa tunda. Tutazionja, ila niseme mapema mtakachokutana nacho.

Ile iliyooshwa mnaijua hata kama hamjawahi kukaa na kuionja kwa utaratibu. Ndiyo iliyoijengea Kilimanjaro jina: safi, yenye uchachu mchangamfu unaofanana na wa limau, unaofika mara moja na kuondoka bila kuacha deni mdomoni. Ile ya maganda inaanza kazi kabla hujainywa. Ukiisaga tu, chumba kinajaa harufu ya forosadi zilizoiva mpaka zinapasuka, ya ndizi kisukari, wakati mwingine ya nanasi au ya mvinyo mwekundu. Mdomoni ni nzito zaidi. Utamu wake unakaa ulimini, na uchachu wake upo lakini umelainika. Ikianza kupoa inatoa zabibu kavu na kakao, na hapo ndipo wengi hugeuka na kuuliza mmeweka nini humu.

Hakuna kilichowekwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtaulizwa sana mkianza kuiuza. Siku hizi zipo kahawa duniani zinazotiwa matunda au viungo wakati wa kuchachushwa, na hiyo ni biashara nyingine. Ninayoizungumzia mimi ina kahawa peke yake, jua, hewa na mikono ya watu.

Waonjaji wa Ulaya na Marekani wakikutana na ladha hii kwenye kahawa za Yirgacheffe au Guji kule Ethiopia huandika bluberi, tunda ambalo wengi wetu hatujalitia mdomoni. Msihangaike nalo. Tuna forosadi, tuna zambarau, tuna pesheni. Anayeonja aandike kile kilichomjia ulimini, na mkaangaji aliyesimama karibu naye atamwelewa bila kamusi.

Sasa ladha hiyo inatoka wapi? Wengi hujibu kwamba sukari ya nyama ya tunda inapenya na kuingia kwenye mbegu. Jibu hilo ni jepesi mno. Mbegu ya kahawa iliyochumwa leo iko hai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Braunschweig nchini Ujerumani, Dirk Selmar na wenzake, walionyesha kwamba buni ikimenywa na kutiwa majini huanza safari ya kuota, na sukari ndogo zilizomo, glukosi na fruktosi, hupungua sana njiani. Buni iliyobaki ndani ya tunda haiharakishwi kuota kwa kiasi hicho, nayo inafika kwenye gunia ikiwa na sukari hizo nyingi zaidi kuliko mwenzake aliyeoshwa. Sukrosi, ambayo ndiyo sukari kubwa ya buni, haitofautiani sana. Kwa hiyo mkulima anayechagua njia ya kukausha anaamua mbegu iishi vipi siku zake za mwisho, na mkaangaji anapokea matokeo.

Upande wa pili ni uchachu wa nje. Ule ulenda unaoizunguka buni umejaa sukari, na juu ya ganda kuna hamira za porini na bakteria wa aina ya wale wanaogandisha maziwa. Wanakula, wanatoa pombe kidogo, asidi, na zile kemikali nyepesi ziitwazo esta, ambazo ndizo zinazonukia kama matunda. Mtu aliyewahi kupika mbege haitaji somo refu hapa. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, ulezi unaingia kwa wakati wake, na siku zikizidi umeshapata siki. Ndani ya ganda la kahawa mambo ni hayohayo, tofauti yake ni kwamba huwezi kufunua mtungi ukaonja. Unauongoza uchachu huo kwa unene wa tabaka ulilolianika, kwa hewa inayopita chini yake na kwa kivuli unachokiweka saa saba mchana.

Hapa wazee wanaweza kuniuliza: kama njia hii ni nzuri hivyo, kwa nini baba zetu hawakuifuata? Walikuwa na sababu, na ni sababu za watu wenye akili. Kahawa aina ya arabika ilipandwa katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, chini ya migomba. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wakaunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wao mkuu, KNCU. Kahawa ya mlima ilipata soko kwa sababu ilifanana gunia kwa gunia, na kufanana huko kulitokana na kuosha. Tulikuwa na maji. Mifongo, ile mifereji yetu ya asili, iliyachukua kutoka msituni na kuyaleta hadi mlangoni, kazi ya mababu ambayo wageni waliishangaa tangu walipoiona mara ya kwanza. Hatukuwa na jua la uhakika. Nani hapa haijui Julai ya Kibosho, ukungu umelala migombani mpaka saa nne asubuhi? Buni iliyomenywa hukauka kwa wiki moja hadi mbili. Tunda zima linahitaji wiki tatu hadi nne, na katika ukungu ule hata zaidi. Ukichagua kuosha katika mazingira hayo, umechagua vizuri.

Sifa hiyo ilifika mbali. Kule Japani kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, na kanuni zao za kuweka majina kwenye pakiti zinaruhusu jina hilo kwa arabika ya Tanzania nzima isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa miaka mingi Bukoba ndiko kahawa ilikokaushwa na maganda yake. Ndugu zetu wa Kagera walibeba sifa mbaya ya njia nzima, wakati hao hao wana heshima ya kale na tunda la kahawa kutushinda sisi: amwani, tunda la robusta linalochemshwa na majani ya kunukia, kukaushwa na kupewa mgeni atafune, lilikuwepo kabla mmisionari yeyote hajapanda mche Kilema. Nawataja kwa shukrani.

Ni nini kilichobadilika, basi? Maji ya mifongo si yale ya zamani, na kijana wa leo anajua ugomvi wa zamu za maji kuliko babu yake alivyoujua. Kuosha kunatumia maji mengi, na maji machafu ya kumenyea yakirudi mtoni yanaua mto. Turubai na neti za kivuli sasa zinapatikana. Kipima unyevu ambacho zamani kilikuwa cha kiwanda tu, leo chama cha msingi kinaweza kumiliki. Na wanunuzi wa kahawa za ubora wa juu wanatafuta kikombe kinachojieleza kimetoka wapi. Mwaka 1974 mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa huko Marekani, Erna Knutsen, alianza kuzungumzia kahawa zenye ladha ya pekee zinazotoka sehemu ya pekee, na kutoka hapo likakua soko zima lenye vipimo vyake: alama 80 kwenda juu kati ya 100, na katika sampuli ya gramu 350 za buni mbichi pasionekane hata kasoro moja kubwa. Buni nyeusi kabisa haikubaliki hata moja. Buni iliyochacha haikubaliki hata moja.

Hilo la mwisho ndilo linaloifanya kahawa ya maganda kuwa kazi ya watu makini, nami nataka nikae hapo kidogo.

Kwanza ni kuchuma. Mnapoosha, mnapata nafasi kadhaa za kusahihisha: mashine inagoma tunda bichi, tangi na mfereji vinatenga buni nyepesi. Kwenye maganda nafasi hizo hazipo. Tunda bichi likikauka linageuka kahawia kama mwenzake mbivu, linajificha ndani ya gunia, linakobolewa, na linajitokeza kwenye kikaango tu, buni imebaki na rangi ya majivu ya njano wakati wenzake wameiva. Moja ya hizo kikombeni inaleta ladha ya karanga mbichi na karatasi. Kwa hiyo chuma nyekundu iliyokolea, tunda linaloachia kikonyo ukilipapasa. Mlipe mchumaji kwa ubora, maana ukimlipa kwa debe peke yake atakuletea debe.

Mkifika nyumbani, tia matunda kwenye ndoo ya maji safi, koroga, ondoa yote yanayoelea, kisha yatoe upesi. Yaanikwe siku hiyohiyo kwenye kichanja, juu ya wavu safi, hewa ikipita chini. Siku za mwanzo tabaka liwe jembamba, tunda moja au mawili kwenda juu, sentimita 2 hivi, na mtu apite kuyageuza mara kwa mara mchana kutwa. Simaanishi asubuhi na jioni. Tunda bichi lina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na likilala kwenye unyevu wake lenyewe kwa saa chache litaota ukungu mweupe. Ukiuona ukungu huo, toa tunda na majirani zake bila huruma. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo okratoksini, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kisheria kwenye kahawa. Hapo tunazungumzia afya ya mnywaji kabla ya alama za muonjaji.

Baada ya wiki moja ganda limeanza kusinyaa na kuwa jeusi kama zabibu. Sasa unaweza kuongeza unene hadi sentimita 4 ili lisikauke haraka mno. Watu wengi hufikiri kukauka haraka ni sifa njema. Jua kali la adhuhuri likiachwa lipige moja kwa moja, ganda linakaza nje na maji yanabaki ndani. Kipima kitasoma vizuri leo, na baada ya miezi miwili ghalani kahawa imechujuka, haina harufu. Buni isipite joto la nyuzi 40. Weka neti ya kivuli mchana, funika na turubai jioni umande haujashuka, funua asubuhi ukungu ukishapanda. Endelea hivyo mpaka unyevu ufike kati ya asilimia 10 na 12. Asiye na kipima atikise tunda karibu na sikio, buni ikigonga ndani ya ganda amekaribia, lakini namsihi akaazime kipima kwenye chama kabla hajafunga gunia.

Ikikauka, iache ipumzike ikiwa bado na ganda, kwenye gunia safi juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mafuta ya taa na mbolea, mwezi mmoja au miwili. Unyevu unasawazika humo. Ndipo ipelekwe kukobolewa. Na hapo ulizeni mapema: kiwanda cha kukoboa kina kiwango chake cha chini, na kahawa yako ya magunia machache ikichanganywa na ya wengine, kazi yote ya shamba moja imepotea siku moja. Kahawa ya chanzo kimoja inalindwa na karatasi kama inavyolindwa na kichanja: tarehe ya kuchuma, kihamba au kijiji, siku ilizokaa juani, unyevu wa mwisho.

Kuna wazo ninalolisema kwa vyama vya kandokando ya mlima, nalo linafaa kujadiliwa. Si lazima kahawa ikaukie pale ilipochumwa. Tunda lililoiva taratibu kwenye mita 1,500 linaweza kushushwa jioni ileile kwenye tambarare ambako hewa ni kavu na ukungu haufiki. Joto la huku chini ni adui ukilizembea, kwa hiyo kivuli kitahitajika zaidi. Lakini kivuli kinanunuliwa dukani, na jua la Julai halinunuliwi.

Sitawaficha gharama. Kilo 6 hivi za matunda ndizo zinazokupa kilo 1 ya kahawa safi. Kichanja kinashikiliwa kwa mwezi mzima mahali ambapo buni ya kuoshwa ingekuwa imepita mara mbili au tatu. Fedha inachelewa, na ada za shule Januari hazichelewi. Vuli ikianza mapema unaweza kupoteza yote. Kwa hiyo nasema anzeni na kichanja kimoja, kwa matunda ya katikati ya msimu yaliyo bora, na mzungumze na mnunuzi kabla hamjachuma. Anayewaambia mgeuze kahawa yote ya kijiji kuwa ya maganda mwaka huu hawatakii mema. Na wale vijana walioona picha za kahawa ikichachushwa kwenye mapipa yaliyofungwa bila hewa, wanataka kuanzia huko: jifunzeni kukausha kwanza. Pipa halitaokoa kahawa isiyojua kukauka.

Kwa wakaangaji nitasema machache kwa sababu mikono yenu inajua zaidi. Buni ya maganda inashika rangi upesi na kuungua kwa nje upesi, basi anza na moto mpole kuliko unaoupa ya kuoshwa. Usiipeleke mpaka ing'ae mafuta. Ukaangaji mweusi una heshima yake kwenye kahawa chungu ya delee, pamoja na tangawizi na kashata, na mimi ni mpenzi wa kahawa hiyo. Ila forosadi uliyoilinda mwezi mzima kichanjani inateketea kwenye moto huo kwa dakika mbili. Ishushe muda mfupi baada ya mlio wa kwanza, ule wa buni kupasuka, kutulia, uache ikae wiki moja kabla ya kuipika, maana gesi ikiwa bado nyingi maji hayaingii vizuri.

Tufike jikoni, mahali ambapo watu wengi wanapoteza kahawa nzuri bila kujua.

Anzeni na maji. Wenzetu wa Arusha mnajua habari ya maji ya Mlima Meru na floraidi yake, mnaiona kwenye meno ya watoto. Floraidi haionekani kwenye ladha, lakini maji mengi ya ardhini ya upande ule yana bikaboneti nyingi, na bikaboneti inaua uchachu wa kahawa. Mkulima amefanya kazi mwaka mzima, halafu birika la maji limeifuta nusu ya ladha. Vipimo vya kimataifa vinataka maji yenye madini yapatayo miligramu 150 kwa lita. Soma lebo ya maji ya chupa, jaribu aina mbili kwa kahawa moja, utaona tofauti kwa kijiko cha kwanza. Hapa Moshi na juu vijijini wengi wenu mna maji laini ya mlimani. Mmebarikiwa, yachemsheni tu.

Kuhusu joto, vitabu vingi vimeandikwa na watu wa pwani na mabondeni, vikisema subiri maji yapoe baada ya kuchemka. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na hupungua nyuzi 1 hivi kila mita 300 unazopanda. Mjini Moshi yanachemka karibu na 97. Arusha, Marangu au Machame ni karibu na 95. Kahawa ya kuoshwa inaweza kupokea maji hayo moja kwa moja kutoka jikoni. Ya maganda mimi huipenda kwenye 91 au 92, kwa hiyo ukiwa Moshi acha birika wazi dakika mbili, ukiwa Arusha dakika moja inatosha. Maji ya moto mno huvuta ule upande wa pombe na kuufanya ukali, ukabaki na harufu ya tunda lililovunda badala ya lililoiva.

Kipimo: gramu 20 za kahawa kwa gramu 320 za maji. Tumia mizani ndogo. Vijiko vinadanganya kwa sababu kahawa iliyokaangwa kidogo ni nzito kuliko iliyokaangwa sana. Saga papo hapo, chembe kubwa kidogo kuliko unavyozoea, maana chembe laini zikizidi zinaziba karatasi na kuleta ukakasi. Suuza chujio la karatasi kwa maji ya moto, tia kahawa, mimina gramu 50 hivi za maji, subiri sekunde 40 huku ikivimba na kutoa gesi. Kisha mimina polepole kwa kuzungusha, mara tatu, mpaka ufike 320. Inapaswa imalize kudondoka kati ya dakika 3 na 3 na nusu. Ikimaliza kabla ya 2 na nusu, saga laini zaidi kesho. Ikipita 4, saga kubwa zaidi. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Asiye na chujio la karatasi asijione yuko nje ya sherehe. Weka kahawa hiyohiyo na maji hayohayo kwenye jagi, koroga, funika dakika 4, ondoa povu la juu kwa kijiko, ngoja mashapo yatulie, mimina taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba. Kitambaa kinaacha mafuta yapite, kwa hiyo kikombe kitakuwa kizito na chenye kakao zaidi, harufu za matunda zikijificha kidogo. Kwa kahawa za maganda zenye nguvu sana mimi huona kitambaa kinazipatanisha vizuri kuliko karatasi. Maziwa na sukari ni hiari ya mnywaji, ila mpeni kwanza mdomo mmoja mtupu.

Vijana wa migahawani, nina ombi kwenu. Mgeni akiingia na kuuliza mna kahawa gani, msimjibu "ya Kilimanjaro" mkanyamaza. Mwambieni kijiji, mwambieni imeoshwa au imekaushwa na tunda, mwambieni ilichumwa mwezi gani. Watalii wanapita hapa kila siku kwenda mlimani na mbugani, wakinywa kahawa ya unga wa kopo katika mji wenye mnada wa kahawa, wenye Bodi ya Kahawa, na wenye taasisi ya utafiti pale Lyamungo, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Inaniuma. Na inaniuma zaidi kuona mama aliyegeuza matunda kichanjani mwezi mzima hajawahi kupewa kikombe cha kahawa yake mwenyewe. Chama cha msingi kinachotenga kilo chache kila msimu, kikazikaanga na kuwaonjesha wanachama, kitapata wakulima wanaojua kwa nini tunda bichi linakataliwa, na hakitahitaji kuwakaripia.

Sasa twende mezani. Kila kahawa imewekwa vikombe 5, na kuna sababu: tunda moja lililooza linaharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne, hivyo onjeni vyote. Tumeweka gramu 8.25 kwa mililita 150. Maji yakishaingia tutangoja dakika 4, kisha nitamwomba mama mmoja avunje utando wa juu kwa kijiko huku pua yake ikiwa karibu kabisa, kwa kuwa harufu ya wakati huo hairudi tena. Tukishaondoa povu, vuta kahawa kwa sauti, usione aibu, inatakiwa isambae mdomo mzima. Suuza kijiko kila unapohama kikombe. Anzeni na iliyooshwa, hamieni kwenye ya maganda, halafu zirudieni zote baada ya dakika 10 zikiwa vuguvugu. Kalamu na karatasi ziko pembeni, na mkiona kikombe kimojawapo hakiko sawa na wenzake, nyoosheni mkono tukichunguze pamoja. Karibuni.